Kwa nini giaboksi za otomatiki huchoka gari linapozeeka

Katika gereji za Kampala, Kigali, Bujumbura na Goma, malalamiko ya wenye magari hufanana. Gari lilikuwa zima jana. Leo asubuhi dereva ameweka gia ya kuondokea, gari likanyamaza kwa sekunde mbili tatu, kisha likashtuka kana kwamba limesukumwa kwa nyuma. Wiki chache baadaye injini inanguruma kwa nguvu mlimani ilhali mwendo ni ule ule. Mwishowe rivasi inakataa kabisa, na fundi anatamka hukumu fupi: giaboksi imekwisha.

Hukumu hiyo ni nzito kwa familia iliyonunua gari kwa akiba ya miaka mingi au kwa mkopo, na ni nzito zaidi kwa dereva wa teksi ambaye gari ndilo shamba lake. Bei ya giaboksi nyingine, hata iliyokwisha kutumika, pamoja na kazi ya kuifunga, huweza kumeza sehemu kubwa ya thamani ya gari lenyewe. Hata hivyo, giaboksi nyingi za otomatiki haziuawi na uchakavu wa chuma. Kinachozeeka kwanza ni oili, na mara nyingi huwa imekwisha kuzeeka kabla gari halijapakiwa melini.

Magari mengi ya eneo la Maziwa Makuu huingia yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Serikali zimejaribu kuweka mipaka ya umri: Kenya haikubali gari lililozidi miaka minane, na Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia kuingizwa kwa magari yaliyotimiza miaka 15. Rwanda, ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara, hulazimika kutafuta magari yake katika masoko mengine pia. Popote yatokapo, sehemu kubwa ya magari hayo ni ya otomatiki, kiasi kwamba mwaka 2024 Rwanda ilianza kuwapima madereva kwa magari ya aina hiyo na kuwapa leseni zinazolingana nayo.

Mashine inayotegemea kimiminika

Katika gari la gia za mkono, mguu wa dereva hutenganisha injini na magurudumu kwa klachi, na mkono wake huchagua gia. Katika gari la otomatiki, kazi zote mbili zimekabidhiwa oili. Kati ya injini na giaboksi hukaa toki-konveta, chombo cha chuma chenye umbo kama la andazi kubwa la duara, na ndani yake mna mapanga. Injini huzungusha mapanga ya upande mmoja. Hayo huirusha oili. Oili huyapiga mapanga ya upande wa pili na kuyazungusha. Katikati kuna gurudumu la tatu linaloielekeza oili irudi kwa pembe inayofaa, na hivyo kuongeza nguvu wakati gari linapoondoka. Hataza ya wazo hilo ilichukuliwa mwaka 1905 na mhandisi Mjerumani, Hermann Föttinger, aliyekuwa akitafuta njia ya kuunganisha mitambo ya mvuke na rafadha za meli. Giaboksi ya kwanza ya otomatiki kamili kuzalishwa kwa wingi, Hydra-Matic ya General Motors, iliingia sokoni Marekani mwishoni mwa 1939 katika magari ya Oldsmobile.

Nyuma ya toki-konveta zimo gia za sayari: gia moja katikati mithili ya jua, gia ndogo zinazoizunguka, na pete yenye meno inayozikumbatia zote. Gia hizo hukaa zimeshikana wakati wote. Mwendo hubadilishwa kwa kukizuia kipande kimoja na kukiachia kingine, na vinavyozuia ni sahani za klachi, yaani vibapa vyembamba vya chuma vilivyobandikwa karatasi pande zote, vikipishana na vibapa vya chuma kitupu. Neno karatasi hapa si tamathali. Ni nyuzi za mimea zilizogandishwa kwa gundi maalumu, na unene wake haufiki milimita moja. Oili yenye shinikizo husukuma pistoni, pistoni huzibana sahani, na gia huingia. Shinikizo likiondolewa, springi huzitenganisha.

Ugumu wa kazi umo katika wakati. Sahani za gia moja lazima ziachie katika sehemu ya sekunde ile ile ambayo sahani za gia nyingine zinashika. Zikichelewa kushika, injini hupaa bila gari kuongeza mwendo. Zikiwahi, abiria hutupwa mbele. Anayepanga muda huo ni valvu bodi, kipande cha aluminiamu chenye mifereji mingi iliyopindapinda kama njia za mchwa, pamoja na valvu ndogo zinazoteleza ndani yake na solenoidi zinazoamriwa na kompyuta ya gari.

Oili huchakaa vipi?

Oili hiyo moja hulainisha beringi, huchukua joto, husafirisha nguvu na hubeba shinikizo. Juu ya hayo inatakiwa kufanya jambo linalokaribia kujipinga lenyewe: iwe na utelezi wa kuzuia vyuma visisagane, lakini iziache sahani zishikane kwa ulaini bila kuteleza wala kutetemeka. Uwezo huo hautoki katika oili yenyewe bali katika kemikali zinazochanganywa nayo. Kwa miongo kadhaa mojawapo ya viungo hivyo ilikuwa mafuta ya nyangumi, yaliyostahimili joto kwa namna ambayo mafuta ya ardhini hayakuweza, hadi Marekani ilipoyapiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970 na watengenezaji wakalazimika kubuni mbadala.

Kemikali hizo huisha. Adui wake mkubwa ni joto. Giaboksi nyingi hupenda kufanya kazi oili ikiwa karibu na nyuzi 80 au 90 za Selsiasi. Wakemia wana kanuni ya makadirio kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, kasi ya oili kuungana na oksijeni huongezeka karibu maradufu. Kwa hesabu hiyo, oili inayofikishwa nyuzi 120 huchakaa mara nane kwa kasi kuliko ile ya nyuzi 90.

Joto hilo halitafutwi mbali. Toki-konveta hutoa joto jingi zaidi pale mapanga ya upande wa injini yanapozunguka kwa kasi ilhali yale ya upande wa magurudumu yanakwenda polepole, yaani katika foleni za Kampala, na katika mlima mrefu wenye gari lililojaa. Barabara itokayo Bujumbura, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kwenye mwinuko wa mita zipatazo 770, hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 huko Bugarama ndani ya makumi machache tu ya kilomita. Gari dogo lililobuniwa kwa ajili ya mitaa tambarare ya mji wa Japani, likibeba watu watano na magunia mawili, huipika oili yake katika safari kama hiyo.

Oili iliyopikwa hupoteza wekundu wake, ikawa kahawia, kisha nyeusi, na kutoa harufu ya kuungua. Huacha utando mwembamba kama vanishi juu ya valvu, zikaanza kunata. Unga unaobanduka kwenye sahani huelea ndani yake na kuziba kichujio. Chembe za chuma hunaswa na sumaku zilizowekwa chini ya karai la oili, na zile zisizonaswa huvutwa na solenoidi, ambazo nazo ni sumaku za aina yake. Hapo amri ya kompyuta huwa sahihi, lakini mkono unaoitekeleza huchelewa.

Dalili za baridi na dalili za joto

Fundi mwangalifu humuuliza mwenye gari swali ambalo wengi hulipuuza: je, tatizo huonekana gari likiwa baridi au likishapata moto?

Gari linalosita asubuhi na kutengemaa baada ya kilomita chache mara nyingi lina tatizo la mpira. Pistoni zinazobana sahani huzungukwa na sili, na sili zilizokaa miaka 15 katika oili ya moto hukauka na kuwa ngumu. Zikiwa baridi hazijai vizuri mahali pake. Oili hupenya pembeni, shinikizo huchelewa kujengeka, na gari husimama likisubiri. Joto likipanda, sili hulainika na kuziba, na mwenye gari husahau habari hiyo hadi kesho yake.

Gari linalofanya kinyume, zuri asubuhi na baya adhuhuri, husimulia hadithi nyingine. Valvu zimeteleza mamilioni ya mara katika vishimo vya aluminiamu, na vishimo hivyo vimepanuka kwa vipimo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Oili baridi ni nzito kiasi cha kutopita katika upenyo huo. Oili ya moto ni nyepesi, nayo huvuja ndani kwa ndani bila tone hata moja kuonekana sakafuni. Shinikizo hushuka, sahani hazibanwi ipasavyo, huteleza, na kuteleza huko huzalisha joto jingine. Hili ndilo baya zaidi kati ya mawili, kwa sababu hujilisha lenyewe.

Ipo dalili ya tatu ambayo madereva huichanganya na ubovu wa plagi au magurudumu: mtetemo mdogo gari likiwa katika mwendo wa kawaida, kama lipitalo juu ya matuta madogodogo yaliyo karibu karibu, unaotoweka mara mguu unapoondolewa kwenye mafuta. Ndani ya toki-konveta kuna klachi inayofunga ili kuokoa petroli gari linapotulia barabarani. Klachi hiyo ikikosa kemikali inazozihitaji hushika na kuachia, hushika na kuachia. Ikigunduliwa mapema, oili mpya ya aina sahihi huweza kuutuliza mtetemo huo.

Kompyuta, kwa upande wake, husaidia na huficha. Giaboksi nyingi za miaka ya karibuni hupima muda ambao gia inachukua kuingia, na sahani zinapopungua unene, kompyuta huongeza shinikizo ili kufidia. Dereva haoni mabadiliko yoyote kwa maelfu ya kilomita. Uwezo wa kufidia unapofika ukomo, gari huonekana kuharibika ghafla, ingawa limekuwa likichakaa kwa miaka.

“Oili ya maisha” ni ya maisha ya nani?

Baadhi ya watengenezaji wa magari waliandika katika vitabu vyao kwamba oili ya giaboksi ni ya kudumu maisha yote na haihitaji kubadilishwa. Maneno hayo yalieleweka katika nchi ambako gari hutunzwa na mwenye kwanza kwa miaka saba au minane, kisha huuzwa. Nchi ambako gari hilo huanza maisha yake ya pili hazimo katika hesabu hiyo. ZF, kampuni ya Ujerumani inayotengeneza giaboksi za magari ya BMW na mengineyo, imependekeza oili ibadilishwe kila kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila baada ya miaka minane hivi, kutegemea matumizi. Kwa maneno mengine, aliyeitengeneza giaboksi hakubaliani na aliyeuza gari.

Nyaraka za mnada wa Japani hueleza mikwaruzo ya bodi, hali ya viti na kilomita zilizosomwa, lakini kwa kawaida hazisemi lini oili ya giaboksi ilibadilishwa mara ya mwisho. Mnunuzi wa Mbarara au Bukavu hupokea gari lenye rangi inayong'aa na oili ambayo pengine ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

Je, kuibadilisha kunaua giaboksi?

Hapa ndipo mafundi hugawanyika. Imani iliyoenea ni kwamba giaboksi ya zamani isiyowahi kubadilishiwa oili haifai kuguswa, kwani ikishapewa oili mpya hufa ndani ya wiki. Imani hii haikutoka hewani. Wapo watu waliobadilisha oili Jumamosi na kuvutwa kwa kamba Jumatano.

Maelezo yake hata hivyo si kwamba oili mpya ni sumu. Mtu ambaye hajawahi kuishughulikia giaboksi huikumbuka inapoanza kuteleza, na kwa wakati huo karatasi ya sahani imekwisha kulika. Unga wake, uliokuwa ukielea katika oili, huenda ulikuwa ukizisaidia sahani hizo kushikana kidogo. Oili safi huuondoa unga huo, na sabuni zilizomo huweza kubandua uchafu uliolala na kuupeleka kwenye njia nyembamba za valvu bodi. Giaboksi iliyokuwa imebakiza miezi hubakiza siku. Lawama humwangukia aliyefungua nati ya mwisho.

Kwa hiyo swali la maana ni hali ya giaboksi kabla ya kazi. Ikiwa inaingiza gia vizuri na oili imechafuka tu, kuibadilisha kuna faida, na njia ya tahadhari ni kumwaga ile inayotoka kwa kufungua nati, ambayo kwa giaboksi nyingi ni chini ya nusu ya oili yote kwa kuwa nyingine hubaki ndani ya toki-konveta, kisha kujaza kiasi kile kile na kurudia baada ya kilomita elfu kadhaa. Kuisukuma oili yote kwa mashine, katika giaboksi iliyopuuzwa miaka mingi, ni hatari zaidi. Ikiwa karai likifunguliwa linakutwa na unga mweusi mzito na vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho, oili mpya haitarudisha karatasi iliyokwisha kulika, na fundi mwaminifu humweleza mteja hivyo kabla ya kupokea malipo.

Kipimo nacho kina masharti. Giaboksi nyingi za sasa hazina kijiti cha kupimia. Oili hupimwa kupitia nati ya pembeni, injini ikinguruma, gari likiwa sawasawa na joto la oili likiwa katika kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa. Ikizidi, gia zinazozunguka huipiga ikatoa povu, na povu, kwa kuwa hubonyea, haliwezi kubeba shinikizo.

Mkanda wa chuma

Magari mengi madogo yanayoingia sasa hayana gia za sayari za kubadilishana. Premio na Allion za kizazi cha mwaka 2007, Probox za tangu 2014, na Nissan Note ni miongoni mwa yaliyokuja na CVT: puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, zikiunganishwa na mkanda wa vipande mamia vya chuma. Asili yake ni Uholanzi, ambako DAF ilionyesha mwaka 1958 gari dogo lenye mikanda ya mpira lililobuniwa na Hub van Doorne.

CVT huokoa petroli, lakini haivumilii kosa la oili. Mkanda hushikwa na puli kwa msuguano wa chuma kwa chuma, na oili yake imetungwa ili chuma kishike chuma. Anayemimina humo oili ya kawaida ya otomatiki kwa sababu rangi inafanana au bei ni nafuu, huufanya mkanda uteleze. Ukiteleza hukwangua uso wa puli, na mkwaruzo huo hauna dawa isipokuwa kubadilisha vipande. Hata zikitunzwa, baadhi zimeleta usumbufu: Nissan ilirefusha dhamana ya CVT za magari yake ya 2003 hadi 2010 nchini Marekani hadi kufikia miaka 10 au maili 120,000. Mnunuzi wa Afrika aliyepata gari la miaka hiyo hakuwa na dhamana ya kurefushiwa.

Maji, kamba na mteremko

Katika magari mengi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta ile ile ya injini, ikitenganishwa na maji kwa ukuta mwembamba wa chuma. Rejeta iliyojazwa maji ya bomba kwa miaka badala ya kipozeo hupata kutu, ukuta hutoboka, na maji huingia katika giaboksi. Oili hugeuka kuwa kama maziwa yenye rangi ya waridi. Maji huila gundi inayoishika karatasi kwenye sahani, na ndiyo sababu giaboksi iliyokunywa maji mara chache huokolewa kwa kubadilishiwa oili peke yake.

Kuvuta gari kwa kamba ni mtego mwingine. Pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayoendesha gari yakiwa chini, gia na beringi huzunguka bila kulainishwa, na kilomita 30 za hisani ya jirani huweza kuharibu kile ambacho ajali haikugusa. Ni heri gari kama hilo linyanyuliwe au lipakiwe. Vivyo hivyo kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta: licha ya kudhoofisha breki na usukani, giaboksi hukauka. Kuweka gia ya mbele gari likiwa bado linarudi nyuma, jambo linaloonekana kila siku katika maegesho yenye mwinuko, hukata unene wa sahani kidogo kidogo.

Giaboksi ikishakufa, wengi hununua iliyong'olewa katika gari jingine, na hakuna ajuaye ilitunzwaje huko ilikotoka. Kabla ya kuifunga, gereji makini hukagua kwanza rangi na harufu ya mabaki ya oili, hubadilisha kichujio na sili za nje ambazo ni rahisi kufikiwa giaboksi ikiwa chini, kisha husafisha mabomba na kipozeo, au huvibadilisha. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa huongeza gharama na haionekani. Isipofanywa, vumbi la chuma lililotoka katika giaboksi ya kwanza hurudishwa na oili kutoka kwenye kipozeo na kuingia katika giaboksi ya pili mara injini inapowashwa.